Hatua Thelathini Mbali na Chuma

Mama Justa anadai aliyaona kwa macho yake mwenyewe, wala hakusimuliwa na mtu. Alikuwa anakwenda kuchota maji, jua halijachomoza sawasawa, akamkuta jirani yake Marselino Bujiku porini, amesimama mbele ya sanduku lenye miguu mitatu. Marselino akavua viatu. Akavua mkanda. Akatoa kisu, akavua hata medali yake ya ubatizo, vyote akavitundika mtini. Kisha akaliendea lile sanduku peku, akaliinamia mara tatu, na kila akiinuka anataja namba, huku Mzungu aliyeketi kando akiziandika.

"Wakristo huinamia msalaba, nao Waislamu huelekea Makka," Mama Justa humwambia kila anayefika kwake kuomba moto. "Yule anainamia sanduku. Na zile si namba, msidanganyike. Anawahesabu babu zake. Anawauza mmoja mmoja."

Habari hiyo imezunguka Bugarama yote. Wasafiri wanasema imekwisha kufika Tinde, na kwamba kufika huko sanduku lilikuwa limeota pembe.

Marselino mwenyewe hakasiriki anaposimuliwa. Hujikuna kidevu, hutazama chini, kisha hucheka kidogo.

"Mama Justa hasemi uongo," anasema. "Aliyoyaona ndiyo hayo hayo. Ila hakuuliza."

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, maili tatu kaskazini ya Bugarama, watu sita wamesimama mahali pori lilipofyekwa kwa mstari ulionyooka mpaka macho yanachoka kuufuata. Kila baada ya hatua ishirini kuna kigingi chenye namba. Ni mwezi wa Oktoba 1955. Nyasi zimekauka, na vumbi linaruka hata mtu akikohoa.

Chini ya mgunga amesimama Ignas, kiongozi wa wafyekaji, ameshika kikapu. Mmoja mmoja wanamfuata kama watu watoao sadaka. Hakitiwi fedha. Kinatiwa chuma: mapanga, visu, mikanda yenye vifungo, kopo la tumbaku, wembe uliofichwa kwenye upindo wa kofia. Kikapu kikishajaa, kinaachwa hapo hapo mtini. Atakayekwenda kwenye sanduku huhesabu hatua thelathini kutoka kwenye kikapu hicho, asiwe na hata msumari mmoja mwilini.

Karani wa kambi, Valerian, amefika na daftari lake. Huyu ana jino la chuma alilotiwa Tabora, nalo halitoki. Kwa hiyo kila siku hubaki nyuma.

"Karani, kama una neno na Bwana, lisemee huko huko," Ignas anamwambia. "Ukija kucheka karibu na sindano ya sanduku, Serikali itachimba shimo hapa, ikute jino lako."

Hata Mzungu, ambaye watu wamempa jina la Bwana Sindano, anacheka.

Marselino hana cha kutia kikapuni. Viatu vile vya misumari alivyoviona Mama Justa amekwisha kuviacha. Siku hizi anavaa ndara za ngozi ya ng'ombe, amezishona mwenyewe kwa ukamba wa ngozi. Suruali ameifunga kwa kamba ya katani. Medali yake ya ubatizo huiacha nyumbani kwa mkewe, Paskalina, na badala yake amefunga shingoni uzi wenye msalaba wa mti.

Analibeba sanduku kifuani kwa mikono miwili, kama mtu abebaye mtoto aliyelala. Anaisimamisha ile miguu mitatu juu ya kigingi, anaweka sanduku, anazungusha skrubu za shaba taratibu mpaka kitone cha hewa kwenye kioo kitulie katikati. Kisha anainama, anachungulia kwenye tundu dogo, anasubiri sindano iache kutikisika, anainuka, anataja namba. Anafanya hivyo mara tatu kwa kila kigingi. Bwana Sindano naye anachungulia. Namba zikilingana, anaandika.

Hiyo ndiyo ibada aliyoiona Mama Justa.

"Sindano haioni dhahabu," Marselino anaeleza, akiwa amechuchumaa kivulini wakati wa kupumzika. "Haijui dhahabu ni kitu gani. Inajua chuma tu. Chini ya ardhi hii kuna mwamba wenye chuma ndani yake, na sindano ikipita juu yake huinama. Sasa huku kwetu dhahabu hupenda kulala ubavuni mwa mwamba huo, kama ndama ubavuni mwa mamaye. Ukimjua mama alipolala, ndama hutamtafuta pori zima."

Serikali inataka ramani itakayoonyesha njia ya mwamba huo chini ya udongo, ili watafutao madini wasichimbe kwa kubahatisha. Kwa hiyo mistari inakatwa, vigingi vinapigwa, na sanduku linatembea kigingi hadi kigingi. Kila baada ya saa moja hurudishwa kwenye kigingi cha kwanza, ambacho wafanyakazi wanakiita kigingi cha mama. Hapo hupimwa upya, kwa sababu sindano hubadilika kadiri jua linavyopanda, na wasipoirudisha kwa mama hawawezi kujua imebadilika kiasi gani.

Marselino ana umri wa miaka thelathini na mitano. Alisoma mpaka darasa la nne kwa mapadre, akaacha baba yake alipofariki. Alifanya kazi miaka saba chini ya ardhi katika machimbo ya dhahabu upande wa Geita, akisukuma vigari vya mawe, mpaka kifua kilipoanza kumsumbua akarudi kulima pamba. Watu wa Serikali walipopiga kambi hapa mwaka 1953, akaandikwa mfyekaji. Baada ya miezi mitano akafanywa mkubwa wa vigingi, kwa mshahara wa shilingi sitini kwa mwezi, kwa sababu alikuwa na jicho la kunyoosha mstari kuliko wote.

Hapo ndipo alipokosea. Na kosa lenyewe lisingeweza kufanywa na mtu mwingine yeyote kambini.

Babu yake, Makoye, alikuwa Mrongo, mfua chuma wa ukoo wa wayeyushaji. Tanuri lake lilikuwa katika bonde dogo nyuma ya kilima, na majembe yaliyotoka humo yalitumika kulipia mahari Msalala nzima. Tanuri lilikwisha kuzimwa kabla Marselino hajazaliwa, lakini masharti ya mahali pale hayakuzimwa. Mwenye viatu hapiti. Mti wa pale haukatwi kwa chuma mpaka mtu wa ukoo aende kwanza, akoroge unga wa uwele katika maji, amwage, na aombe radhi.

Mwaka jana, mstari wa kumi na nne ulikuwa unakwenda moja kwa moja mpaka katikati ya tanuri la Makoye.

"Ningeweza kumwambia Bwana, nipe siku moja nikaombe kwa wazee," Marselino anasema. "Nikaona haya. Nikaona atasema huyu ni mtu wa ushirikina, si mtu wa kazi. Basi nilipokaribia pale nikapindisha mstari kuelekea magharibi, nikaupitisha pembeni, huko mbele nikaurudisha. Nikapiga vigingi, namba zikafuatana vizuri. Nikajisifu kwamba nimewaridhisha wote wawili, babu na Bwana."

Mwezi mmoja baadaye alimwona Bwana Sindano hemani, ameinamia karatasi kubwa, uso unang'aa. Njia ya mwamba, iliyochorwa kwa penseli kutoka mstari hadi mstari, ilikuwa inakwenda vizuri. Kufika mstari wa kumi na nne ikakatika, ikasogea pembeni, kisha ikaendelea. Bwana akamweleza, kwa Kiswahili chake cha taratibu, kwamba hapo mwamba umevunjika kama mfupa wa mguu, na kwamba dhahabu hupenda sana kuingia mahali palipovunjika. Akaweka alama nyekundu. Wachimbaji ishirini wakapelekwa kuchimba handaki.

Marselino alipoitazama ile alama alijua mara moja. Hapakuwa na mwamba uliovunjika. Pale palipochorwa kuvunjika palikuwa na umbo la kona yake mwenyewe.

Siku mbili alinyamaza. Alikuwa akipita kandokando ya handaki, akiwaona watu aliokua nao wametoka jasho, wamezama mpaka kiunoni, wakiimba na kuulizana nani atakuwa wa kwanza kuliona jiwe linalometa. Siku ya pili hakula. Paskalina alimwekea michembe ya viazi vilivyokaushwa na karanga, akaiondoa kama ilivyo. Alipomweleza mkewe, Paskalina hakumlaumu. Alimwuliza neno moja tu.

"Ulichopinda wewe," alisema, "atakuja kukinyoosha nani?"

Asubuhi yake Marselino alikwenda hemani kwa Bwana Sindano, akasimama, akaeleza yote: tanuri, babu, unga, kona. Anasema Bwana alimsikiliza mpaka chai yake ikapoa. Kisha akauliza swali ambalo Marselino hakulitazamia. Hakuuliza kwa nini. Aliuliza ni hatua ngapi.

"Nikamwambia themanini na tatu, kwa sababu nilizihesabu," Marselino anasema. "Mwenye kudanganya huhesabu kuliko msema kweli."

Handaki likasimamishwa siku ile ile. Marselino akapewa siku yake moja. Alikwenda kwenye tanuri na unga wa uwele, akafanya yaliyopasa, na kesho yake akampeleka Bwana Sindano, wote wawili peku. Wakaunyoosha mstari upya. Juu ya tanuri sindano iliruka kama mbuzi aliyeona nyoka, kwa sababu chini yake kumejaa mavi ya chuma, yale mabaki meusi mazito yaliyomwagwa na wayeyushaji wa zamani. Bwana akaandika kwenye ramani kwamba ni chuma cha mikono ya watu, si mwamba, na kwamba pasichimbwe. Mwamba ulipochorwa tena, ulipita bila kuvunjika.

Adhabu ilikuwako. Marselino alivuliwa ukubwa wa vigingi, akafanywa mbeba sanduku, na mshahara ukashuka kutoka shilingi sitini mpaka arobaini na tano. Bwana alisema mtu aliyepinda mstari ni lazima atembee mahali anapoweza kuonekana.

"Akanitia kando yake," Marselino anasema, na safari hii anacheka kweli. "Mtu anayetembea kando ya sindano mwaka mzima, hata kama ni mjinga, ataacha kuchungulia?"

Akaanza kuchungulia. Kwanza kwa ruhusa, wakati Bwana anawasha kiko mbali. Baadaye kwa amri, ili kulinganisha. Leo Bwana Sindano husema mbele ya watu kwamba namba za Marselino na zake hazijatofautiana tangu Julai.

Hapo ndipo lilipoingia jambo ambalo sasa linamnyima usingizi.

Mwezi uliopita karani Valerian alisoma barua kambini. Ofisi ya Dodoma itawachukua Waafrika sita mwezi wa Januari, wafundishwe mwaka mzima kusoma vipimo na kuchora ramani. Atakayefaulu hatabeba sanduku tena. Atakuwa na sanduku lake, na watu wake, na jina lake litaandikwa pembeni mwa ramani kuwa ndiye aliyepima.

Masharti ni manne. Ajue kusoma na kuhesabu. Apate neno la Mzungu wake. Apate neno la mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji. Na apate alama ya dole ya jirani mmoja asiye wa ukoo wake, ashuhudie kwamba ni mtu wa kuaminika. Mambo matatu Marselino amekwisha kuyapata. Makaratasi yataondoka na lori la kambi Jumamosi asubuhi, na Valerian amesema wazi kwamba karatasi isiyo na dole haitapanda lori.

Sasa, mji wa Marselino umezungukwa na watu wa Bujiku: huku baba mdogo, huku binamu, huku mashemeji. Jirani asiye wa ukoo ni mmoja tu, ng'ambo ya uzio wa minyaa, upande wa mawio ya jua. Ni Mama Justa.

Ignas ndiye aliyelifanya jambo hilo kuwa wimbo wa kambi. Kila asubuhi anamwuliza Marselino kama sanduku limekwisha kumwombea kwa jirani. Marselino hujibu kwamba sanduku halijui Kisumbwa.

Lakini akiwa peke yake hasemi kwa mzaha.

"Si kwa ajili ya cheo," anasema. "Tazama, mwaka huu vigingi vimepita katika pamba ya watu. Mwenye pamba akiuliza, nani atamjibu? Bwana hajui lugha yake. Karani anamwambia ni amri. Basi mwenye pamba anajijibu mwenyewe: wanauza babu zetu. Mimi nilijijibu mwenyewe hivyo hivyo pale tanurini, nikapinda mstari. Kama msomaji angekuwa mtu wa hapa, ningemwambia, naye angenielewa, na wale ishirini wasingechimba bure siku mbili."

Ijumaa, saa tisa alasiri, Marselino anavuka uzio. Amevaa shati la kanisani. Mkononi ana karatasi iliyokunjwa na kikopo kidogo cha wino alichoazima kwa karani.

Mama Justa ameketi kibarazani, anamenya karanga. Ni mjane mwenye umri uliokwisha kupita sitini, mwenye sauti kubwa na mikono isiyotulia. Ukutani nyuma yake limeegemezwa jembe la zamani lililolika mpaka limebaki kama kiganja cha mtoto.

"Shikamoo, mayu," Marselino anasema, akimwita mama kwa lugha ya nyumbani.

"Marahaba. Keti. Sanduku umeliacha wapi?"

"Limelala kambini."

"Limekula?"

Marselino anaketi chini, si kwenye kigoda. Anamweleza habari za Dodoma, za mwaka mzima, za karatasi. Mama Justa anasikiliza bila kuacha kumenya. Anapomaliza, mama huyo anaanza kumwuliza, na maswali yake si ya mtu mjinga. Anauliza ni nini hicho alichokuwa anakiinamia. Anauliza kwa nini alivua hata medali ya ubatizo. Anauliza kwa nini alimpeleka mgeni kwenye tanuri la Makoye, mahali ambapo mume wake marehemu, aliyekuwa rafiki wa Makoye, hakupata kukanyaga.

Marselino anajibu yote, moja baada ya jingine, bila haraka. Anasema ya sindano. Anasema chuma kikiwa karibu, hata kidogo kama kisu, sindano hudanganyika, kikaandikwa kwenye ramani kitu ambacho hakipo, na watu wakachimba bure. Anasema ndiyo maana chuma huachwa hatua thelathini. Kuhusu tanuri anasema aliingia kwa unga na kwa radhi, peku, na Mzungu peku nyuma yake, na kwamba sasa pameandikwa pasichimbwe.

"Pameandikwa?"

"Nimeyaona maandishi."

Mama Justa anageuka, anatazama jembe lake ukutani.

"Unalijua lile?" anauliza.

"Silijui, mayu."

"Nililetewa mahari majembe sita. Matano yamekwisha shambani. Hilo ni la sita. Alilifua babu yako."

Marselino anaondoka alipoketi, analisogelea jembe, hathubutu kuligusa. Kuku mmoja anapita, anaokota karanga iliyoanguka, na kwa mara ya kwanza Mama Justa hamfukuzi.

Kisha Marselino anarudi, anaikunjua karatasi, anaiweka juu ya ungo uliofunikwa. Anafungua kikopo cha wino. Anamwonyesha mahali palipochorwa duara dogo.

"Mayu, nakuomba," anasema. "Wewe ndiye jirani yangu. Kama mimi ni mtu wa kuaminika, weka dole lako hapa. Kama siye, nitaifunga karatasi hii nirudi nyumbani, na sitakuwa na neno na wewe."

Mama Justa anakung'uta maganda kwenye kanga yake. Anasimama, anachukua lile jembe la sita ukutani, anashuka nalo uani. Midomo yake inacheza anapotembea, na anapofika kwenye uzio wa minyaa sauti yake inasikika, anahesabu: ishirini na nane, ishirini na tisa, thelathini. Analiegemeza jembe hapo, taratibu, na kurudi mikono mitupu.

Anaketi mahali pake. Anaitazama karatasi. Wino ndani ya kikopo umeanza kukauka pembeni, na Marselino amekwisha kukisogeza kivulini.